Barua ya wazi kwa Gavana wa Chihuahua, Mexico

Mheshimiwa Gavana,

Kuira. Hiyo ndiyo salamu ya Wararámuri wa milima yako, watu ambao wageni huwaita Watarahumara, na Kirarámuri changu kinaishia hapo. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika hospitali moja ya Marekani. Nakuandikia kwa sababu ya Rita Patiño Quintero.

Mwaka 1983 mama huyu alikutwa Kansas, Marekani, peke yake, mbali na kwao Sierra Tarahumara, milima ya jimbo lako. Alichosema hakuna aliyekielewa, basi wakamwona kichaa. Akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akapewa dawa, na miaka zaidi ya 10 ikapita. Mwenyewe kila siku alikuwa anaongea.

Utasema hayo ni ya Kansas. Sawa. Lakini Mrarámuri akishuka leo kutoka Guachochi, kule milimani, na mtoto mgongoni, akafika hospitali ya mjini saa nane za usiku, nani atamsikia? Sheria yenu ya mwaka 2003 inaziita lugha za wenyeji lugha za taifa, zinazofaa kwa huduma yoyote ya umma. Wasemaji wa Kirarámuri wanazidi 90,000, wengi wao jimboni kwako. Watu wote hao si wa kungoja mfagizi wa wodi anayejua lugha yao aitwe, aache ndoo aje kutafsiri.

Naomba wakalimani wa zamu, usiku na mchana, wenye mafunzo na mshahara. Wala usiajiri mmoja ukaona umemaliza, maana orodha ya lugha iliyotolewa na taasisi ya serikali yenu mwaka 2008 inataja Kirarámuri cha aina 5. Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja wa Kivu aliniambia munganga amempa dawa. Kwetu mganga ni wa kienyeji, nami nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari akaanza kumhoji: mizizi gani, majani gani? Mama akabaki ananitazama. Kumbe kwao munganga ndiye daktari, na dawa yenyewe ni vidonge vya presha, vilikuwa mkobani. Na wote wawili tulikuwa tunasema Kiswahili.

Anzia wodi ya wazazi na chumba cha dharura.

Wako,
Mkalimani wa zamu ya usiku