Watoto walisoma kwa kibao, sisi bado tunangoja vitabu

Mhariri,

Salamu kutoka Jinja. Kila nikiuliza mbona watoto hawafundishwi kusoma Kiswahili naambiwa vitabu havijafika, mwaka unaisha vitabu bado, na baraza la mawaziri lilishapitisha tangu 2022 kwamba kiwe somo la lazima praimari na sekondari. Sasa jamani nani kasema mtoto hawezi kuanza kusoma mpaka awe na kitabu chake?

Uingereza kule, karne ya 16 na 17, mtoto alipewa kibao chenye mkono kama mwiko wa posho, juu yake karatasi moja tu, ina herufi, silabi na Sala ya Bwana, halafu imefunikwa kwa pembe ya ng'ombe iliyochongwa nyembamba mpaka maandishi yanaonekana, maana karatasi ilikuwa ghali na mikono ya watoto mnaijua wenyewe. Basi, kaanza shule huyo.

Pwani nako, Lamu na Zanzibar, chuoni (yaani madrasa) mtoto alikuwa na ubao wake wa mti, kalamu ya tete na wino wa masizi. Anaandikiwa aya, anaisoma kwa sauti mpaka imekaa, ubao unaoshwa kwa maji anaandikiwa nyingine. Watoto wote wanasoma kwa pamoja, kila mtu na yake, kelele tupu, lakini ukikosea irabu moja tu mwalimu kashakusikia (na fimbo iko karibu, hilo silisifii).

Hata hapa Buganda, mmisionari Mackay alivyofika 1878 alikuja na mashine ya kuchapa, akawa anachapa karatasi za alfabeti wanafunzi wajifunzie, na Injili waliyoanza kusomewa ilikuwa ya Kiswahili coz ya Luganda ilikuwa haijachapwa. Yaani miaka zaidi ya 140 iliyopita Kiswahili kilisomwa hapa hapa bila shehena ya vitabu, leo eti haiwezekani.

Simaanishi vitabu havina maana, vikija tutashukuru sana. Ila maboksi ya sabuni yako kila duka, mwalimu akate kipande, aandike silabi kwa maka, kila benchi lipate moja, wiki ijayo wabadilishane. Kwa hiyo Mhariri naomba mtuulizie Wizara ya Elimu, walimu wa Kiswahili wanaotoka vyuoni wanafundishwa kutengeneza hivyo vitu au nao wanaambiwa wangoje lori?

Mzazi,
Jinja