Nakuandikia kutoka Heron Island

Shosti, mambo? Najua umeninunia, nilisema nitaandika siku ya kwanza na sasa wiki imekatika, nisamehe, huku simu inalala kwenye begi tu.

Tulivuka na boti kutoka Gladstone, mji wa pwani huku Australia, kama masaa mawili hivi, na mimi mjinga nilikuwa nimeshindilia asubuhi, nikatapika njia nzima. Usiku ndo kituko. Nikashtuka nasikia kichanga kinalia chini ya dirisha, kingine kinajibu, nawaza jamani wazazi wa hawa watoto wako wapi, kumbe ndege! Wanachimba mashimo mchangani wanaishi humo, wanalia mpaka alfajiri. Ukija beba vizibo vya masikio.

Ile Hamilton Island unayoililia ni nzuri sikatai, ila visiwa vya kule ni vilele vya milima iliyozama, ukitaka matumbawe yenyewe ya Great Barrier Reef, ile miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, unapanda boti tena uende mbali. Hapa kisiwa chenyewe ni mchanga wa matumbawe, yaani unatoka chumbani unavaa miwani unaingia majini, samaki taa wanakupita chini ya tumbo hawana habari na wewe. Maji yakipwa tunatembea juu ya mwamba na viatu vya mpira, pole pole, majongoo bahari yamejaa kila kidimbwi. Ila kuna sehemu matumbawe yamekufa yameota mwani, lile joto la bahari la 2024 lilipiga sana huku kusini, roho iliniuma.

Sasa kasa. Saa nne usiku tumekaa gizani kimya, mama mmoja anafukua shimo kwa miguu ya nyuma, anakunja mguu kama kiganja, anachota mchanga, anautupa pembeni, anapumzika, anahema kama mzee kapanda ngazi. Machozi yanamtoka, ati ni chumvi tu anaitoa, mimi nililia bila chumvi ya kutoa. Na ujue hapa hapa miaka ya 1920 kulikuwa na kiwanda cha supu ya kasa, wanatiwa kwenye makopo, hoteli imekuja baadaye kiwanda kilipokufa.

Vitoto vimeanza kuanguliwa, leo usiku narudi ufukweni. Na wewe omba likizo mapema, usije ukaniambia tena bosi kakataa.