Wakulima wa Uluguru walipwe kwa kuutunza Mto Ruvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jitihada za kuokoa vyanzo vya Mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake kutoka milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kila mvua zinapochelewa na mgawo wa maji kurudi Dar es Salaam, kama ilivyokuwa Oktoba 2022, tunasikia kauli zilezile: wavamizi waondolewe, miti ipandwe, sheria isimamiwe. Mvua ikishanyesha na mabomba yakatoa maji, habari ya milima ya Uluguru husahaulika mpaka kiangazi kingine.

Sina ugomvi na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katazo hilo lina sababu za msingi. Hata hivyo, tope linalochafua Mgeta, Mfizigo na mito mingine inayoulisha Ruvu halitoki ukingoni peke yake. Sehemu kubwa huporomoka kutoka kwenye mashamba ya miteremko mikali, mbali kabisa na hizo mita 60. Mvua inapoupiga udongo usio na kitu juu yake, maji hayapati muda wa kuzama. Huteremka yote kwa mkupuo, na kiangazi kikifika chemchemi hazina akiba ya kutoa. Kwa hiyo anayetaka maji ya Oktoba hana budi kushughulika na shamba la mlimani, na shamba hilo lina mwenyewe, ambaye ana watoto wa kulisha.

Historia ya milima hiyo ingetosha kututahadharisha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwa lengo lilelile la kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya shuruti, na katika maeneo mengi ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 wananchi waliasi na mpango ukaachwa. Wataalamu wa wakati ule hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Walichokosea ni kudhani kwamba mkulima atabeba peke yake gharama ya jambo ambalo faida yake inakwenda kwa wengine.

Linganisha na Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 katika mkoa ambao ulikuwa umeachwa mtupu na ufyekaji wa misitu, idadi kubwa ya mifugo na kuhamishwa kwa watu. Mafanikio makubwa yalikuja pale mradi ulipowarudishia wananchi ngitili, yaani utaratibu wa Wasukuma wa kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili nyasi na visiki vichipue, kisha kulifungua kwa mifugo majira ya ukame. Mipaka na faini vilisimamiwa na wanakijiji wenyewe kupitia dagashida, baraza lao la kimila. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, maeneo yaliyorejeshwa yalikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Nyasi zilikuwa zao, kuni zilikuwa zao, na ng'ombe waliovuka kiangazi walikuwa wao.

Uluguru nako tumeshaonja kitu cha namna hiyo. Kuanzia mwaka 2006, huko Kibungo Juu kwenye bonde la Mfizigo, mashirika ya CARE na WWF yaliratibu mpango ambao watumiaji wakubwa wa maji walioko Dar es Salaam waliwalipa wakulima waliobadili namna ya kulima. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Mkulima hufunga miti mitatu mfano wa herufi A, huning'iniza jiwe kwa uzi katikati, na kwa kipimo hicho hutafuta usawa wa mteremko, akipigilia vigingi hatua kwa hatua. Huchimba mtaro kufuata vigingi hivyo na kuurusha udongo upande wa juu, ndiyo maana huitwa fanya juu, kisha hupanda majani kwenye tuta. Misimu inavyopita udongo unaozuiwa na tuta hujijenga kuwa ngazi bila kuufukua ule mbaya wa chini. Tofauti na mwaka 1955 ni kwamba safari hii jasho lilikuwa na malipo, ingawa kwa maoni yangu malipo hayo yalikuwa madogo mno kwa kazi ile, na yalitegemea fedha za mradi. Mradi hufika mwisho. Mteremko haumaliziki.

Fedha ya kudumu ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, na chini ya sheria hiyohiyo mabodi ya mabonde, yaani vyombo vinavyosimamia maji ya kila bonde la mto, hutoza ada kwa wenye vibali vya kutumia maji. Napendekeza sehemu maalumu ya ada zinazokusanywa katika bonde la Wami/Ruvu irudi moja kwa moja kwa jumuiya zilizoko kwenye vyanzo, kwa mkataba wa miaka mingi, na ilipwe baada ya ukaguzi wa matuta na miti iliyo hai, wala si kwa hesabu ya miche iliyogawiwa siku ya sherehe. Jumuiya nazo zipewe nguvu ya kuweka na kusimamia kanuni zao, maana baadhi yake zimebaki kuwa za kuhudhuria semina na kupatanisha wanaogombea mfereji.

Wapo watakaosema kwamba kumlipa mtu asiharibu mazingira ni kumpa zawadi mkosaji. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama sisi wa mjini tungekuwa tunalipia chochote kwa ajili ya mteremko huo. Tunacholipia ni kusafishiwa na kufikishiwa maji. Aliyeuzuia udongo usiingie mtoni hayumo kwenye ankara. Naiomba bodi ya bonde ianze kwa jambo dogo lisilohitaji sheria mpya, nalo ni kutangaza kila mwaka, magazetini na kwenye mbao za matangazo za vijiji vya Uluguru, kiasi cha ada kilichokusanywa na kiasi kilichorudi milimani.

Msomaji wako,
Dar es Salaam