Barua ya wazi kwa viongozi vijana wa vyama vya wafanyakazi: yatafuteni maneno manne

Wanangu makatibu wa matawi na wajumbe wa kamati,

Nasikia mmeanza kuitwa kwenye vikao vya mikataba ya biashara na nchi tajiri. Nimefurahi, maana sisi habari hizo tulizisoma gazetini, wino wa sahihi umeshakauka. Ila nasikia pia mnarudi mkisifu: "Safari hii kuna sura nzima ya haki za wafanyakazi!" Hapo ndipo nimeshika kalamu.

Sura kuwepo si hoja. Hoja ni nani ataruhusiwa kushtaki, wapi, na atatakiwa athibitishe nini.

Itazameni Guatemala. Mwaka 2008 vyama sita vya huko, pamoja na AFL-CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, vilipeleka malalamiko chini ya mkataba wa biashara wa Marekani na nchi za Amerika ya Kati. Watu walikuwa wanafukuzwa kwa kujiunga na chama, mahakama inaamuru warudishwe, mwajiri anapuuza, serikali inatazama. Uamuzi wa jopo la wasuluhishi ulitoka mwaka 2017. Miaka tisa! Jopo likakubali kwamba katika sehemu nane za kazi, kwa wafanyakazi 74, serikali ilishindwa kusimamia amri za mahakama zake yenyewe. Na bado Guatemala ikashinda. Mkataba ulitaka ithibitishwe kwamba uzembe huo ulikuwa wa mfululizo, tena ulitendeka "kwa namna inayoathiri biashara". Maneno manne. Mtu kafukuzwa, kashinda kesi, hajaliona tena lango la kiwanda, halafu wanasheria wanabishana kama soko limetikisika.

Maneno hayo yaliandikwa na watu, na watu wameshayapunguza makali. Mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza mwaka 2020 umegeuza mzigo wa kuthibitisha: ukiukaji huhesabiwa kuwa umeathiri biashara mpaka mlalamikiwa aonyeshe vinginevyo. Umeweka pia njia ya haraka ya kufuatilia kiwanda kimoja kimoja. Kule Silao, Mexico, kwenye kiwanda cha magari cha General Motors, kura ya kuidhinisha mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, ilisimamishwa mwaka 2021 baada ya karatasi za kura kuharibiwa. Marekani ikaitumia njia hiyo. Agosti mwaka huohuo wafanyakazi wakapiga kura upya na kuukataa mkataba ule, na Februari 2022 wakachagua chama walichokitaka wenyewe. Hata mwaka haukwisha. (Njia yenyewe, kwa jinsi ilivyoandikwa, ni rahisi kuielekeza Mexico kuliko Marekani. Mwenye nguvu hanoi mkuki wa kujichoma mwenyewe.)

Mtaambiwa kwamba masharti ya kazi ni hila ya matajiri ya kufunga masoko yao. Msilicheke neno hilo. Mwaka 1996, huko Singapore, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walitamka kuwa viwango vya kazi ni jukumu la Shirika la Kazi Duniani, na visitumike kulinda viwanda vya wakubwa. Hofu ilikuwa ya haki. Lakini nimekaa meza moja na waajiri waliokuwa wakiikariri hofu hiyo asubuhi, na jioni wanafukuza wawakilishi wa wafanyakazi. Ndiyo maana nawashauri mdai Mikataba namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, uhuru wa kuunda chama na haki ya majadiliano ya pamoja, iwabane pande zote mbili kwa kipimo kilekile.

Tena msiishie kwenye sura yenu. Kiambatisho cha ushuru wa forodha, kile chenye safu za namba zinazowatia usingizi, ndicho kinachoamua kiwanda kipi kitazidiwa na bidhaa za nje na katika mwaka wa ngapi. Ushuru ukiondolewa, serikali maskini inapoteza pato, na pengo hilo huwafikia walimu na wauguzi, ambao pia ni wanachama wenu. Someni na masharti ya wawekezaji. Mwaka 2012 kampuni ya Ufaransa ya Veolia, iliyokuwa ikizoa taka Alexandria, iliishtaki Misri chini ya mkataba wa uwekezaji, na kupanda kwa kima cha chini cha mshahara kulikuwa miongoni mwa madai yake. Misri ilishinda mwaka 2018, baada ya miaka sita ya kujitetea. Mwekezaji ana njia yake ya kwenda moja kwa moja kwa wasuluhishi. Mfanyakazi husubiri serikali imsemee.

Mwisho, la karatasi ya mahudhurio. Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha namna hii, nikakabidhiwa nakala nene kama msahafu wakati wa chai, na mchana huohuo tukaombwa maoni. Nilisaini kama kawaida. Miezi baadaye, ripoti ikaandika kwamba vyama vya wafanyakazi "vilishirikishwa kikamilifu", na ushahidi wao ulikuwa sahihi yangu. Mkikabidhiwa kalamu, andikeni pembeni ya jina saa mliyopewa nakala, kisha karatasi nzima muipige picha.

Wenu katika mshikamano,
Mzee wenu, katibu mstaafu