Sikio Zima, Jino Zima, Basi Kinachouma Ni Nini?

"Sikio laniuma, lakini nimeangaliwa nikaambiwa ni zima." Hayo, au "gego nimeng'oa na maumivu yako pale pale", ndiyo tunayoambiwa sana katika chumba chetu cha tiba ya viungo hapa Makupa, Mombasa. Kabla hatujauliza mengi, huwa tunamwomba mteja aweke vidole viwili shavuni, chini kidogo ya kitefute, kisha aume meno kwa nguvu. Hebu jaribu na wewe. Kinachovimba na kukaza chini ya vidole ni msuli uitwao maseta: juu umeshika mfupa wa kitefute, chini umeshika pembe ya taya. Ukiubonyeza na yale maumivu ya "sikio" yakakurudia, hapo tumeshaanza kuelewana.

Kila upande wa uso una misuli minne mikuu ya kutafuna. Wa pili ni temporali, umetandaa juu ya panja kama upepeo wa muuza mishikaki, na mpini wake unapita chini ya kitefute kwenda kushika taya. Wanaokereza meno usiku huamka na kichwa kinawagonga panjani, wakameza dawa za kichwa mwezi mzima. Wa tatu, terigoidi ya ndani, umelala upande wa ndani wa taya mkabala na maseta, hata mfupa ukawa kama umebebwa na mbeleko.

Wa nne ndio mkorofi. Hiyo mitatu inafunga mdomo. Huu, terigoidi ya nje, unaufungua kwa kuvuta kichwa cha taya mbele, ukisaidiwa na misuli midogo ya chini ya kidevu. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, upanue mdomo taratibu, utahisi kifundo kikiteleza. Kati ya kifundo hicho na fuvu kuna kisahani laini cha kupunguza msuguano. Kisahani kikihama kidogo, ndipo taya inapolia "ta!" Ikilia tu, bila maumivu, na mdomo unafunguka vizuri, hakuna cha kutibu. Tutakurudisha nyumbani na pesa zako.

Kwa nini basi sikio lilaumiwe? Misuli yote minne inapata amri kwa neva moja ya taya. Matawi mengine ya neva hiyo hiyo yanabeba hisia za meno ya chini na za ngozi ya mbele ya sikio. Ubongo unapokea malalamiko kwa njia moja, ukakosea mlango.

Chakula chetu chenyewe hakina neno. Pweza mgumu, mahindi ya kuchoma pale ufukweni Mama Ngina, vyote vina mwisho. Muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ndio hauna mwisho. Mtu huanza magharibi akamaliza usiku wa manane, tonge likikaa shavu lile lile, na kichangamshi kilichomo humfanya azidi kuuma meno bila kujijua. Msuli unaofanyishwa kazi hivyo hukua kama wa mbeba mizigo wa bandarini. Wengine hutujia uso umepanuka upande mmoja wakidhani ni uvimbe. Hatuhubirii mtu. Lakini tukikukanda leo na usiku urudi kwenye muguka, tutakuwa tunakula pesa yako bure.

Tunachofanya ni hiki: kitambaa cha maji moto, kuukanda msuli kwa nje na, tukivaa glavu, kwa ndani ya shavu, kisha mazoezi ya kufungua mdomo ulimi ukiwa umegusa kaakaa. La muhimu zaidi ni kukufundisha taya inavyopumzika: midomo imefungwa, meno hayagusani. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana wanashinda wameuma meno, hasa wenye kuendesha tuktuk kwenye msongamano. Kwa siku chache utakula wali na mchuzi, mofa uwaachie wengine. Anayekereza meno usingizini tunampeleka kwa daktari wa meno apimiwe kinga ya kulalia.

Kipimo cha nyumbani: panga vidole vyako vitatu kwa wima kati ya meno ya mbele. Vikipita, mdomo unafunguka vya kutosha. Vikipita viwili tu, njoo.

Ila yako mambo yasiyotuhusu, nenda hospitali moja kwa moja. Taya iliyokaza baada ya jeraha, hata la msumari mdogo, yaweza kuwa pepopunda, nayo mara nyingi huanzia hapo. Mdomo uliobaki wazi usikubali jirani ausukume. Shavu lililovimba na homa juu laweza kuwa na usaha, wala halikandwi. Na maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua na jasho, huo ni moyo mpaka daktari aseme sivyo.

Siku ya kuja usitafune kitu kigumu tangu asubuhi, wala usimeze dawa ya maumivu saa chache kabla, kama daktari hakukuandikia. Tunataka kuukuta msuli ulivyo.