Zainabu, mama asiinywe hiyo chai

Jinja, Jumapili jioni

Dada yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wote wa hapo Arua.

Ratiba uliyonitumia ya chai ya majani na juisi, siku saba za "kutoa sumu mwilini" nimeisoma yote, pamoja na picha ya pakiti. Kabla sijagusa habari ya kilo unazotaka kupunguza kabla ya arusi: mama asiinywe hiyo chai, hata kikombe kimoja. Umeandika kwamba anatumia vidonge vya presha, vile vya kumkojosha. Vidonge vya aina hiyo mara nyingi hutoa madini ya potasiamu kwenye mkojo. Na jani la kwanza lililotajwa kwenye pakiti ni sanamaki, ambalo likimwendesha mtu mara tatu nne kwa siku, potasiamu nyingine inakwenda na choo. Ikipungua mno, misuli hulegea, miguu hukakamaa usiku, na moyo hupoteza mpigo wake. Kwa mtu wa umri wake jambo hilo linaweza kuua. Kama ameshaanza na anasikia moyo unarukaruka au mwili umelegea, mpeleke hospitali leo leo. Beba pakiti na vidonge vyake, waambie wampime potasiamu kwenye damu.

Sasa wewe. Najua mizani itashuka, pengine kilo tatu kwa siku tano, na hapo ndipo watu wengi wanaponasa. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, kama nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu tatu za maji. Ukiacha posho (ugali) na matoke ukashinda na juisi tu, akiba inatumika kwa siku mbili tatu na maji yake yanatoka. Hizo ni kilo mbili tayari. Ongeza choo kilichotolewa na sanamaki, unapata ya tatu. Mafuta ya mwili yameguswa kidogo tu, kwa sababu kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700, na si rahisi kuzimaliza zote kwa siku tano za juisi. Siku ya nane ukila sahani ya katogo ya matoke, maji yanarudi mahali pake. Si kwamba umeshindwa kujizuia, dada. Mwili umejaza tena akiba yake.

Chai nayo haizuii chakula kuingia mwilini. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa sita hadi kumi na mbili baada ya kuinywa, wakati kalori zimeshapita zamani. Ni dawa nzuri kwa mtu aliyefunga choo, kwa siku chache. Ukiinywa wiki baada ya wiki, utumbo unaweza kuzoea kusukumwa, na bila chai choo kinakataa.

Kuhusu sumu, muulize muuzaji: sumu gani? Aitaje jina, aseme inapimwaje kabla na baada. Figo zako huchuja kama lita 180 za majimaji kila siku, zinarudisha karibu zote, na zinatoa lita moja au mbili za mkojo. Ini linachukua amonia inayotokana na nyama na maharage, linaigeuza kuwa urea, na figo zinaitoa. Kazi hiyo haisimami hata usingizini. Sijaona jani wala juisi inayoiharakisha.

Usiku wa sita ndio umenitia wasiwasi zaidi: chumvi ya Epsom ya kuharisha, kisha nusu kikombe cha mafuta ya zeituni na ndimu, eti asubuhi uone "mawe ya nyongo" ya kijani yakielea chooni. Utayaona kweli. Mwaka 2005 jarida la tiba la Lancet lilichapisha habari ya madaktari waliopima vijiwe vya namna hiyo. Viliyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 vikawa majimaji ya kijani yenye mafuta. Havikuwa na kolesteroli wala kalsiamu kama mawe halisi ya nyongo. Ni mafuta yale yale uliyokunywa, yamegeuka sabuni tumboni. Na kama una jiwe la kweli, mafuta mengi kwa mara moja hukaza kibofu cha nyongo na yanaweza kulisukuma likakwama kwenye mrija. Hapo ni maumivu makali na pengine upasuaji.

Arusi iko wiki nane mbele, muda upo. Chapati za asubuhi ziwe moja badala ya mbili: chapati ya barabarani ina kama kalori 300. Chai vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe? Weka kimoja, umepunguza kama 130. Mafuta ya mchuzi usimimine kutoka kwenye mtungi, pima kwa kijiko kikubwa. Kila kijiko ni kalori 120, na kwako wewe punguza kimoja. Jumla ni kama 550 kwa siku, yaani kilo moja kila wiki mbili kwa hesabu ya karatasi. Tegemea tatu hivi mpaka arusi. Maharage, mukene (dagaa) na mayai usiyapunguze, ndiyo yanayolinda misuli. Mchuzi wa karanga ni mtamu lakini ni mzito, kijiko cha upawa kimoja kinatosha. Dodo, yaani mchicha, kula iliyopikwa. Dodo mbichi ya kusaga kila siku, kama ratiba inavyotaka, ina okzaleti nyingi ambayo huumiza figo ikizidi.

Kama kinachokusumbua ni kufunga choo tu, anza na maji, papai na maharage kabla ya kufikiria sanamaki.

Jipime Jumamosi tu, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Ukijipima kila siku utasoma maji. Nitumie namba ya Jumamosi hii, na jibu la daktari kuhusu mama hata kabla ya hapo.

Wako,
Mariamu