Waacheni wanafunzi wa TEHAMA wajenge programu kubwa kutoka msimbo chanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wakuu wa vyuo vinavyofundisha TEHAMA, hasa wajumbe wa majopo yanayopitisha miradi ya mwaka wa mwisho.

Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja mkoani Iringa. Kila mwaka meza yangu hujaa maandiko ya miradi yanayofanana: mfumo wa kusajili wagonjwa wa zahanati, mfumo wa maktaba, mfumo wa kukata tiketi za basi. Mwanafunzi anaandika kurasa chache za PHP, anatengeneza hifadhidata yenye majedwali matano au sita, anautetea mradi mbele ya jopo, anapata alama zake, na mfumo unaishia kwenye flashi. Sisemi kazi hiyo haina faida, maana misingi inajifunzwa humo. Lakini kijana huyo anahitimu bila kuwahi kusoma msimbo, yaani maagizo ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine, ilhali huko kazini karibu kila atakachokikuta kiliandikwa na wengine, na baadhi yao wameshaondoka. Mwanafunzi wa ufundi magari hupewa injini iliyochoka aifungue na kuifunga tena. Wetu wa kompyuta tunawanyima injini.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliomba mradi tofauti. Alitaka achukue msimbo chanzo wa LibreOffice, aujenge mwenyewe, yaani augeuze kuwa programu inayoendeshwa, kwenye kompyuta ya maabara, kisha arekebishe kasoro za Kiswahili kilichomo na kupeleka marekebisho kwa wenye mradi. Jopo lilimkatalia. Sababu iliyoandikwa kwenye fomu yake ni kwamba hakuna kitu kipya anachotengeneza. Alirudi na mfumo wa tiketi, akapita. Uamuzi ule haukuwa wa haki kwake, na naomba usirudiwe kwa mwingine.

LibreOffice ni ile programu huria ya ofisi ambayo wengi wameikuta kwenye Ubuntu: ya kuandikia barua, kupiga hesabu za majedwali na kuandaa slaidi. Chimbuko lake ni StarOffice ya Ujerumani. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 1999, mwaka 2000 ikauachia msimbo wake hadharani kwa jina la OpenOffice.org, na mwaka 2010 kundi kubwa la watengenezaji likajitenga na kuanzisha LibreOffice chini ya The Document Foundation. Ni mamilioni ya mistari, sehemu kubwa ikiwa ya lugha ya C++. Kwa miaka mingi hata maelezo ya Kijerumani ya watengenezaji wa kwanza yalibaki ndani yake, mpaka wachangiaji wa kujitolea wakayatafsiri kidogo kidogo.

Sisi Watanzania si wageni humo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu hiyohiyo. LibreOffice ya leo bado ina folda ya tafsiri inayoitwa sw-TZ. Mlango ulifunguliwa na watu wa hapahapa nyumbani, na wanafunzi wetu wengi hawajui kama upo.

Jopo liliona kujenga programu ya namna hii ni kuandika amri mbili tu. Kweli, amri zenyewe ni mbili, autogen.sh kisha make, lakini ningependa wajumbe wakae na mwanafunzi siku moja waone kinachotokea.

Hiyo autogen.sh hukagua kompyuta kitu kimoja kimoja. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ipo? Ya toleo gani? Python je? Bison, flex, gperf? Ikikosa kimoja inasimama na kukitaja. Mwanafunzi anaweka gperf, anaendesha tena, inasimama kwenye kingine. Ubuntu ina njia ya mkato, apt build-dep libreoffice, ambayo huleta mahitaji yote kwa mkupuo, lakini nayo hukataa mpaka umeruhusu hazina za deb-src, zenye msimbo chanzo, kwenye mipangilio. Kisha kuna faili dogo la autogen.input, ambamo kila mstari ni uamuzi wa mjenzi. Ukiandika --with-lang=sw-TZ, Kiswahili kinaingia. Ukiandika --without-java, unaacha sehemu zinazotegemea Java na kupunguza mzigo. Ukiandika --with-parallelism=2, kazi zinakwenda mbilimbili.

Huo wa mwisho ndio unaookoa kompyuta zetu. Nyingi zina RAM ya GB 4, na usipoizuia, make huanzisha kazi kwa idadi ya viini vya prosesa. Kukompaili faili moja zito la C++ kunaweza kumeza sehemu kubwa ya memori hiyo. Linux ikiishiwa memori inaua mchakato, na kwenye skrini unaona kompaila imekufa katikati ya kazi wakati msimbo hauna kosa lolote. Asiyejua atakagua msimbo mpaka jioni. Anayejua atafungua dmesg, amri inayoonyesha taarifa za kerneli, atakuta mchakato umeuawa kwa kukosa memori, atapunguza kazi na kuongeza swopu, sehemu ya diski inayosaidia memori. Nimewaona vijana wa mwaka wa pili wakilifanya hilo wenyewe, vijana ambao kwenye mtihani wa mifumo endeshi walikuwa wakikariri tu maana ya memori pepe.

Na umeme. Kwenye mashine kama zetu ujenzi huchukua usiku kucha na zaidi, kwa hiyo umeme utakatika. Kwa kawaida make huendelea pale ilipoishia, kwa sababu hulinganisha saa za mafaili: tokeo likiwa jipya kuliko chanzo chake, hulipita. Lakini umeme ukikatika wakati faili la .o, tokeo la kukompaili, limefunguliwa diskini na yaliyomo hayajaandikwa, faili hilo laweza kubaki na baiti 0 huku saa yake ikiwa mpya. Umeme ukirudi, make inaliona limekamilika. Kosa litajitokeza baadaye sana, wakati wa kuunganisha, linka ikilalamika kwamba faili limekatwa au halitambuliki. Tiba ni kuingia kwenye folda ya workdir, kutafuta mafaili yote ya .o yenye baiti 0, kuyafuta na kuendesha make tena. Kwenye notisi zetu kanuni za make ni kurasa mbili ambazo mwanafunzi huzisahau baada ya mtihani. Aliyetibu ujenzi uliokatizwa na umeme hazisahau.

Ujenzi ukikamilika, unaendesha soffice iliyo ndani ya instdir, unachagua Kiswahili kwenye mipangilio, na menyu zinakuja kwa lugha yako. Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wangu ingeanzia. Tafsiri zimo kwenye mafaili ya .po: mstari mmoja wa Kiingereza, chini yake wa Kiswahili. Mtu anayetafsiri akiwa haoni dirisha lenyewe hawezi kujua kama neno litaenea kwenye kitufe, wala kama kitu kinachosifiwa ni faili, jedwali au ukurasa. Kiingereza kina neno moja la "-pya" kwa vyote, lakini sisi tuna faili jipya, barua mpya na ukurasa mpya, na upatanisho ukikosewa kila Mswahili anauona papo hapo. Anayejenga mwenyewe anabadilisha neno kwenye .po, anajenga upya sehemu hiyo pekee, anafungua dirisha, anaangalia. Akiridhika anaingiza neno lake Weblate, mahali rasmi pa kutafsiri, kwa kuwa mafaili ya .po ya kwenye hazina ya msimbo hutolewa huko na marekebisho ya kompyuta yako pekee yatapotea.

Kuna kazi kubwa zaidi ya hiyo, na inamfaa mwanafunzi hodari. LibreOffice husahihisha tahajia kwa kutumia Hunspell, inayofanya kazi kwa orodha ya maneno pamoja na kanuni za viambishi. Kwa kawaida Hunspell hukubali kiambishi awali kimoja na viambishi tamati viwili kwa neno. Ina mpangilio unaoitwa COMPLEXPREFIXES wa kugeuza hesabu hiyo, awali viwili na tamati kimoja. Sasa tazama neno la kawaida kama "atakapowaambia". Kabla ya mzizi kuna nafsi, njeo, rejeshi na mtendwa. Hunspell haiwezi kuvivua vyote kimoja kimoja, kwa hiyo anayeandika kanuni lazima avikusanye kwenye mafungu, "atakapowa-" likihesabiwa kama kiambishi kimoja, na mafungu ya namna hiyo ni mengi mno. Namna ya kuyazalisha kwa programu, bila kufanya kamusi iwe nzito wala kukubali maneno yasiyokuwepo, ni swali la sayansi ya kompyuta na la isimu kwa pamoja. Nani atalifanyia kazi kama si mtu anayeota kwa Kiswahili? Na jopo linasema hakuna kipya.

Wengine wameniuliza mradi kama huo utasahihishwaje. Ni rahisi kuliko wa tiketi. Mfumo wa tiketi unaweza kunakiliwa kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka uliopita na jopo lisijue. Mabadiliko ya msimbo wa LibreOffice hupitia Gerrit, tovuti ya kukagulia msimbo, ambako kila rekebisho lina jina la aliyeleta, tarehe, maswali ya wakaguzi, majibu yake na matoleo yote aliyopeleka mpaka likakubaliwa au kukataliwa. Mitambo ya mradi hujaribu kulijenga kwenye Linux, Windows na macOS kabla halijapokewa. Mjumbe wa jopo anaweza kuyasoma yote akiwa ofisini kwake. Hata rekebisho lililokataliwa kwa hoja lina mengi ya kupimwa.

Kikwazo cha kweli ni bando, na hapa nataka uongozi wa vyuo unisikilize. Historia nzima ya msimbo huu ni gigabaiti kadhaa, na git clone, amri ya kuupakua, ikikatika njiani huanza upya. Juu ya hapo ujenzi hupakua vifurushi vya maktaba za nje kama Boost na ICU, mamia ya megabaiti tena. Mwanafunzi akifanya hayo kwa bando lake la simu ataishiwa kabla hajaona mstari mmoja wa msimbo. Na wakiwa thelathini, kila mmoja anavuta kilekile kutoka Ulaya, mtandao wa chuo unakwama.

Wala dawa yake haihitaji zabuni. Kompyuta moja ya chuo iwekwe nakala kamili ya hazina, isasishwe usiku, na wanafunzi waichukue kupitia mtandao wa ndani kwa dakika chache. Vifurushi vya nje vikae kwenye folda moja ya pamoja, na kila mjenzi aielekeze kwa --with-external-tar. Iwekwe ccache, ili kilichokwisha kukompailiwa kisirudiwe bure. Na kwa kuwa maabara zetu hulala usiku kompyuta zote zikiwa hazina kazi, iwekwe Icecream, programu huria inayogawa mafaili ya kukompaili kwa mashine zote za maabara. LibreOffice inaikubali kwa --enable-icecream. Kuunganisha mwishoni kutabaki kwenye mashine moja, hivyo iwepo angalau moja yenye RAM ya GB 16. Kwa chuo kinachonunua projekta kila mwaka, hilo halishindikani.

Ninachoomba kwa majopo ni kifungu kimoja kwenye mwongozo wa miradi: kwamba kujenga programu huria kubwa, kuirekebisha na kupeleka rekebisho kwa wenyewe ni mradi halali wa mwaka wa mwisho, na mwanafunzi aruhusiwe kuuchagua. Iwe LibreOffice, iwe Firefox, iwe kerneli ya Linux, kila mwalimu anayo anayoiweza.

Kwa upande wangu nakala ya hazina ya LibreOffice na vifurushi vyake ninayo, pamoja na faili la autogen.input lililojaribiwa kwenye kompyuta za GB 4. Mwalimu yeyote wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kuanza aje na diski yenye nafasi ya GB 64, nitamnakilia bila malipo na kukaa naye mpaka ujenzi wake wa kwanza ukamilike. Anwani yangu ameachiwa mhariri.

Mwalimu wa TEHAMA,
Iringa